Hema ya Mtu Mmoja

Kwa mwanangu anayelala ndani ya gari,

Usishangae ninavyokuita. Wewe ndiye uliyeanza. Nilipozaliwa ulinipa jina la mama yako, Syombua, na kwa desturi yetu ya Ukambani tangu siku hiyo hujawahi kuniita mtoto. Unaniita mwaitu, mama yangu. Nikiwa darasa la pili ulikuja kunichukua shuleni, ukasimama mlangoni na ovaroli yako ya grisi ukasema, "Mwalimu, nimemjia mama." Mwalimu akachungulia nyuma yako akitafuta mtu mzima. Darasa zima lilicheka, na mimi nilitamani dawati linimeze.

Leo nakitumia cheo hicho kwa mara ya kwanza. Asubuhi unaondoka, na kuna mambo ambayo binti hawezi kumwambia baba yake, hasa binti kama mimi ambaye hata kuagiza chai hotelini humshinda. Mama anaweza. Basi nivumilie kwa kurasa hizi chache. Pale nitakapomtaja marehemu aliyenizaa nitaandika "mkeo". Nilijaribu lile neno lingine na mkono haukusogea.

Sitakuandikia habari za maji ya kunywa, wala tairi la akiba, wala dawa zako. Umezunguka huku miaka mingi kuliko umri wangu. Nitakuandikia habari za hema, kwa kuwa ndiyo kazi uliyonipa, na kwa kuwa nimeikosea mara kadhaa kabla ya kuipatia.

Kazi uliyoipata ni ya kukagua pampu za visima kuanzia hapa Garissa kwenda upande wa Hulugho, kisima kwa kisima, peke yako, ukilala pale jua litakapokukuta. Zamani ulikuwa unazikataa kazi za namna hiyo. Ulikuwa ukisema mwenye nyumba halali porini. Safari hii ulikubali kwenye simu kabla hawajamaliza kukueleza. Nilikuwa nachambua mchicha pembeni, nilisikia.

Na tangu tumzike mkeo kule Mwingi, hujalala ndani ya nyumba. Unakula ndani, unaoga ndani, halafu unachukua blanketi unaenda kwenye Probox. Unalaza kiti, unakunja miguu yako mirefu kama mtu aliyewekwa kwenye sanduku. Majirani wanadhani unalinda gari. Mmoja aliniuliza kama kuna wezi mtaani, nikamwambia eeh.

Ninaogopa jambo moja tu, na nitalisema hapa hapa ili usilitafute katikati ya mistari. Ninaogopa kwamba ukizoea kulala huko hutarudi. Hujasema hutarudi. Ila pia hujasema utarudi lini. Ulisema tu, "Mwaitu, nichagulie hema. Ndogo, isiyopitisha mvua. Wewe una macho mazuri," ukarudi chini ya gari.

Nikaenda sokoni. Nimemaliza shule, nangoja matokeo, sina kitu kingine cha kunichukulia siku. Nilitembea kama mtu aliyeziba masikio kwa pamba. Nakumbuka kwamba kulikuwa na jua kwa sababu nilirudi na kichwa kinauma, lakini jua lenyewe silikumbuka. Siku hizi nami niko hivyo.

Yule kijana anayeuza mitumba ya mabegi na viatu vya mlima ana hema pia, zimefungwa kama mikate. Nilipita mbele yake mara nyingi kabla ya kusimama. Yeye hakuwa na haya hata kidogo.

"Sista, karibu. Unataka ya watu wangapi?"

"Mtu mmoja."

"Mtu mmoja!" Akawageukia wenzake. "Nani huyo analala hema peke yake? Mzee amefukuzwa na bibi?"

Wakacheka. Hawakuwa wabaya, ni maneno ya soko tu. Na mimi, kwa kuwa kueleza kungekuwa kurefu, nikasema, "Ndiyo."

"Haya basi, tumpatie mzee nyumba!"

Nikachukua ya kwanza aliyonipa mkononi. Ilikuwa ya kijani yenye mabaka, rangi ya vichaka. Niliipenda kwa sababu moja: nilidhani ukiwa peke yako usalama ni kutoonekana. Ndivyo mimi ninavyoishi. Darasani nilikaa nyuma ya msichana mrefu kuliko wote kwa miaka minne. Nikawaza, mwanangu ataingia kichakani na hema hii na hakuna atakayejua kama yupo.

Nikaisimamisha uani. Mama Hodan, jirani yetu anayeuza maziwa ya ngamia na ambaye kila p kwake ni b, akaja kuchukua kibuyu chake, akasimama akiiangalia huku ameshika kiuno.

"Abaayo, dada, hii ni ya nani?"

"Ya baba. Anaenda visimani."

"Baba yako amekuwa askari?"

"Hapana."

"Basi amekuwa ile watu ingine?"

Nilijua anawasema wale wanaojificha msituni na bunduki. Akaivuta kwa vidole viwili kama anayeshika panya.

"Sikiza. Askari akibita haba ataona mtu amevaa majani, anajificha. Atauliza anajificha nani. Mwenye ngamia akibita naye atauliza hivo hivo. Na usiku hakuna mtu anauliza kwa mdomo. Wallahi rudisha hii kitu. Chukua rangi ya kuonekana mbali, watu waseme, ah, yule mtu wa maji, amelala bale."

Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua ingawa nimezaliwa hapa. Kwao nyumba ya kuhama ni ya mwanamke. Yeye ndiye huisuka, huisimamisha, huibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Mume akigombana naye, anayelala nje ni mume. "Kwa hivo baba yako amefanya sawa kukutuma wewe," akasema. "Mwanaume akichagua nyumba, atachagua mlango tu."

Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo. Nilitaka kukuficha. Sitaki kulifanya kuwa somo kubwa, lakini nimelifikiria sana tangu siku hiyo, na nakuomba ukifika kisimani usianze na pampu. Waamkie watu kwanza, wajue uso wako, ndipo utandaze hema yako mahali wanapoiona. Nakuambia mimi ambaye siwezi kufanya hivyo. Najua ni vigumu.

Nilirudi kwa kijana wa mitumba. Aliponiona tu:

"Sista! Bibi amemsamehe mzee?"

"Bado," nikasema.

Akaona uso wangu, nadhani, kwa sababu aliacha mzaha akanifungulia zote alizokuwa nazo, akazitandaza juu ya turubai. Kulikuwa na moja kubwa ya watu wanne, akaisifu sana. "Mzee ajinyooshe, aweke hata televisheni." Nilikuwa nimesoma kwenye simu usiku uliotangulia, kwa hiyo nilijua kwamba hema kubwa kwa mtu mmoja ni taabu. Upepo huikamata kama tanga, na hakuna wa kukushikia upande wa pili wakati unapigilia huku. Halafu inataka uwanja mpana, na wewe utakuwa unatafuta nafasi kati ya gari na miiba.

Akanipa iliyoandikwa ya mtu mmoja. Nikaomba kuijaribu. Nikajilaza humo mbele ya watu wote wa soko, mimi, nisiyeweza kuagiza chai. Paa lilikuwa karibu na pua yangu. Kuta zilinigusa mabega yote mawili. Nilifungua macho nikajua kipimo kile nimekiona wapi, kule Mwingi, nikatoka haraka mpaka nikakanyaga kamba. Sikutaka ulale ndani ya kitu cha kipimo kile.

"Chukua hii ya wawili," kijana akasema taratibu. "Ikiandikwa wawili, jua ni ya mmoja na mizigo yake. Huwa wanadanganya."

Za watu wawili zilikuwa mbili. Na hapa, mwanangu, ndipo nilipofanya jambo ambalo hukuliona na ambalo ningeweza kukaa nalo bila kukuambia.

Moja ilikuwa nzuri kwa macho, ya samawati, nyepesi, lakini ya kitambaa kimoja tu, sakafu yake nyembamba kama mfuko wa mkate. Nikaishika muda mrefu. Mvua za masika zinakaribia. Niliwaza, nikimpa hii, atanyeshewa wiki ya kwanza. Atalowa yeye na blanketi na nguo zake. Atachoka, atageuza gari. Niliipiga hesabu hiyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayechagua nyanya. Nilikuwa nimeshamwambia kijana anifungie.

Yeye ndiye aliyesita. "Sista, hiyo hata umande inaiogopa. Kama mzee ni wako kweli, chukua ile ingine."

Kama mzee ni wako kweli. Nikairudisha.

Uliyo nayo ni ile ingine, ya rangi ya chungwa, na utaonekana mpaka Elwak. Ina vitambaa viwili: cha ndani ni chandarua, kinazuia mbu na nge, na cha nje ndicho cha mvua, kinashuka karibu na ardhi pande zote. Sakafu imepanda ukutani kama beseni, hivyo maji yakitambaa chini hayaingii. Fito zake ni za alumini nyepesi, zinajisimamisha zenyewe hata kabla ya kupigilia vigingi. Hilo nililitaka hasa, kwa sababu wewe mwenyewe umenieleza ardhi ya huko: hapa mchanga usioshika kitu, pale ngumu kama sakafu ya benki. Nimekushonea mifuko midogo ya magunia ya unga. Ijaze mchanga, uifunge kwenye kamba badala ya vigingi. Mbele kuna kibaraza cha viatu. Ukikaa, kichwa hakigusi. Nilikupimia kwa kamba uliyotumia kufungia godoro, urefu wako na shubiri moja zaidi.

Kosa la pili lilinipata nilipoilala mwenyewe ili kuijaribu. Kulikuwa na manyunyu usiku ule. Nikafunga kila kitu, zipu zote, matundu yote ya juu, nikasema tone moja halitaingia. Asubuhi nikaamka blanketi limelowa, kuta zinatiririka ndani. Nikaona kijana amenidanganya. Kumbe mvua haikuingia hata kidogo. Ilikuwa pumzi yangu, imekosa pa kutokea ikanirudia. Kwa hiyo acha yale matundu mawili ya juu wazi hata kukinyesha. Yana kofia, mvua haiyafikii. Ukiyaziba kwa hofu utalowa vilevile.

Nililala humo nikielewa jambo jingine. Kitambaa kile hakinuki kitu. Ni harufu ya dukani, ya hakuna mtu. Nikaelewa kwa nini unataka kulala mahali kama hapo.

Mwanangu, baada ya mazishi, tuliporudi kutoka Mwingi, nilifua. Shangazi alisema nyumba ya msiba husafishwa, na mimi nilitaka mikono yangu ipate kazi. Nikafua mashuka ya kitanda chenu, foronya, leso yake ya kulalia, hata lile sweta lililokuwa nyuma ya mlango. Nikaweka sabuni ya unga nyingi. Nikaanika, nikakunja, nikatandika kitanda vizuri sana. Wewe uliingia chumbani jioni ile, ukasimama kidogo, nikasikia unavuta pumzi kwa pua. Ukavuta tena. Halafu ukatoka na blanketi.

Hukunigombeza. Hujanigombeza mpaka leo. Ungenigombeza ningejua pa kuanzia. Nilichojifunza ni kidogo, na labda wewe ulikijua zamani: kwamba vitu vingine vinaachwa vichafu mpaka mwenyewe aseme. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwa na msaada. Sasa sina harufu ya kukurudishia. Nimetafuta. Nimefungua hata mkoba wake wa kanisani, ukanuka peremende tu.

Leo alasiri nilikuomba uingie ndani ya hema nikumwagie maji, kwa sababu manyunyu ya usiku ule hayakutosha kuwa jaribio, na masika ya huku hayanyunyizi. Ulikubali bila kuuliza. Ulivua viatu, ukaingia, ukajilaza chali. Miguu yako ilinyooka mpaka mwisho na bado nafasi ikabaki. Sijakuona umenyooka tangu Mwingi. Nikakufungia zipu, nikapanda juu ya stuli na ndoo.

"Inavuja?"

"Hapana, mwaitu. Ongeza."

Nikateka nyingine kwenye tangi. Mama Hodan akachungulia juu ya ua. "Heh! Munamwagilia hema? Itaota?"

"Tunaijaribu," nikasema.

"Na baba yuko wabi?"

"Yuko ndani."

Akaangalia hema, akaniangalia, akaita kwa sauti kubwa, "Baba Syombua, ukiota majani utatuambia!" Ulicheka. Nilisikia. Kicheko kifupi, cha puani. Naye akaenda zake.

"Inavuja?"

"Ongeza."

Nikaongeza tena, na tena. Halafu nikauliza na hukujibu. Nilisikia kitu kingine chini ya sauti ya maji, na mwanzo sikukijua, kwa kuwa sijawahi kukisikia kutoka kwako, hata kaburini hukukitoa. Ndoo ilipoisha, kikakatika ghafla. Nikasimama juu ya stuli na ndoo tupu.

Ukasema kwa sauti nzito kutoka ndani, "Ongeza, mwaitu. Usiache."

Nikaongeza. Nilielewa kwamba kazi yangu imebadilika. Sikuwa tena najaribu hema. Nilikuwa nafanya kelele. Nilimwaga kwa mbali ili maji yapige kwa nguvu, nikawa nakimbia kuteka ili pasiwe na kimya kirefu katikati, na sikuuliza tena kama inavuja. Nilimwaga mpaka mfereji wa tangi ukaanza kutoa hewa. Kesho hatutakuwa na maji ya kufulia. Si kitu.

Ulipotoka, uso wako ulikuwa umelowa mpaka kwenye kola ya shati. Hukunitazama. Ulisema, "Inavuja kidogo, upande wa kichwa. Uiangalie," ukaenda kufungua boneti ya gari.

Niliingia. Nilijilaza palepale ulipokuwa umelala, joto lako lilikuwa bado sakafuni. Nilipapasa kila mshono kwa viganja vyote viwili, upande wa kichwa, upande wa miguu, kwenye pembe, kuzunguka zipu. Nilibonyeza sakafu kwa kitambaa cha karatasi. Kilitoka kikavu. Nikapaka gundi ya mabomba ya kwenye sanduku lako la vifaa hata hivyo, kwa kuwa uliniagiza, na kwa kuwa ulikuwa unanisikiliza kutoka kwenye gari.

Kisha nilibaki mle kidogo, nimelala chali kama wewe, nikingoja nami inijie. Haikuja. Niliangalia lile paa la chungwa, jua likipita humo, na sikusikia kitu chochote. Sijalia bado, unajua hilo. Watu wa kanisani walinisifu kwamba nina moyo. Sina moyo, nina pamba tu. Lakini sasa nimeona jinsi inavyokuwa mtu akifunguka, na najua haifanyiki peke yako. Hema peke yake isingetosha. Lazima awepo mtu nje, asiyeuliza, anayemwaga.

Hema haivuji, Baba. Nenda nayo, itakuweka mkavu mvua zote za huko. Lakini zamu yangu haijafika. Siku itakapofika nitataka kuingia humo, nijifungie zipu, na itabidi uwe hapa ushike ndoo.

Syombua